Waridi Lililotobolewa

"Mama Kiema, haya maua yameliwa na wadudu," mwenyekiti wa kina mama alisema, akiinua waridi langu mbele ya madhabahu kama kitambaa kilichounguzwa na pasi. "Toa hiyo ndoo. Tutaweka maua yangu ya dukani."

Lakini zamu ya kupamba kanisa ilikuwa yangu. Mawaridi hayo nimeyakuza mwenyewe nyuma ya nyumba, hapa mtaani Komarock, kwenye mikebe ya rangi, kwa maji ya kuoshea mboga za sukuma na majivu ya jiko. Dawa ya wadudu, ile maua ya dukani hunyunyiziwa, haijawahi kuvuka mlango wangu.

Nililichukua lile waridi mkononi mwake. Nikachomoa petali yenye tundu, nikaitia kinywani, nikatafuna taratibu huku nikimwangalia. Ilikuwa na utamu kidogo, na uchungu kwa mbali. Nikameza.

Kisha nikachomoa petali moja kwenye maua yake, nyekundu, isiyo na hata doa, nikamwekea kiganjani.

"Haya, mwenyekiti. Na wewe tafuna."

Aliinusa. Kina mama wakaacha kufagia.

Akaikunja polepole ndani ya leso, akainama, akaisukuma ndoo yangu katikati ya madhabahu.