Wanaomtafuta Archange

Mama Thacienne alikataa picha ya kwanza. Akakataa na ya pili. Ya tatu, ile ambayo mwanawe Archange anacheka, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, aliibusu kwanza ndipo akampa Kasoki.

"Weka hii," akasema. "Hapa njo anafanana na yeye mwenyewe."

Kasoki alikuwa mtu wa Butembo aliyefungua duka la simu kando ya soko la Kitshanga. Alikuwa amelijengea duka lake tovuti kwa vifaa vya bure alivyovikuta mtandaoni, na wafanyabiashara wenzake walimcheka sana: katika vita hivi, nani atatafuta duka la Kitshanga kwenye tovuti? Siku hiyo aliona tovuti yake imepata kazi. Alifungua ukurasa mpya na kuandika juu yake, kwa herufi kubwa: TUNAMTAFUTA ARCHANGE.

"Sasa naiunganisha na Facebook," akaeleza. "Nikiandika hapa, inatokea na kule. Watu wa kule wakijibu, majibu yao yanarudi hapa kwetu."

"Na ni bei gani?"

"Bure, mama."

"Bure kabisa?"

"Kabisa."

Mama Thacienne alitikisa kichwa. Tangu vita vianze, kitu cha bure kilichokuwa kimemfikia ni mvua tu.

Archange alichukuliwa na watu wenye bunduki kwao Burungu, akichimba viazi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Mama yake alikimbilia kambi ya wakimbizi ya Kitshanga, na kwa miaka mitatu aliwauliza madereva, mapadri, hata askari. Hakuna aliyewahi kumwona.

"Andika na kovu," akakumbusha. "Juu ya jicho la kushoto. Ngombe ilimupiga pembe akiwa mudogo."

Mwanzoni walijibu binamu za Kasoki tu, kutoka Butembo, wakisema pole. Kisha ukurasa ukaanza kutembea. Mtu alimtumia mtu, huyo akamtumia mwingine, ukafika Pinga, ukaingia vijiji vya msitu wa Walikale. Kila alasiri Mama Thacienne alikuja dukani, akaketi, na Kasoki akamsomea.

"Huyu wa Pinga anasema: 'Uso huu siwezi kuusahau.'"

"Yesu wangu! Anamujua!"

"Na huyu: 'Kumbe jina yake ni Archange. Aksanti kwa kutuonyesha.'"

"Labda kule walimuita jina ingine."

"Na huyu mama anaandika: 'Hata sisi tunamutafuta. Kila misa tunaomba tumupate. Mukimuona, mutuambie sisi kwanza.'"

Mama Thacienne alilia, akacheka, akamwomba Kasoki amsomee tena.

Alirudi kambini akitembea kama bibi harusi. Akina mama wengine nao walikuwa wamepotelewa na wana, lakini wana wao hawakuwa na tovuti. "Nyinyi munawatafuta wenu peke yenu," aliwaambia. "Wangu anatafutwa na Walikale muzima." Jirani yake Drocella alinuna siku mbili. Ya tatu alikwenda kwa Kasoki na picha ya mwanawe, akaomba naye aunganishwe.

Kasoki aliwaandikia watu wa Pinga kuwauliza walimfahamu Archange wapi. Jibu lilikuja fupi: "Hayo si ya kuandika. Tutakuja tuongee na mama yake."

Walikuja kwa pikipiki, matope mpaka magotini: Papa Édouard, mkulima wa msituni, na dada yake Mapendo, mwenye sauti ndogo. Ndiye yule mama wa misa. Mama Thacienne alikuwa amepika fufu, sombe na nyama, akaazima viti kwa Drocella, akafagia kibanda chake cha turubai mara mbili. Aliwakumbatia wote wawili. Papa Édouard alisimama wima kama mti, mikono chini.

Wageni waliketi. Hawakugusa chakula. Mama Thacienne alidhani ni uchovu wa njia.

"Mungu awabariki," akawaambia. "Nilikuwa nawaza mutoto wangu hana hata mutu wa kumupa maji."

"Maji tulimupa," akasema Mapendo. "Na kitanda. Alilala kwangu."

"Niliwaambia! Mutoto wangu anapendwa na watu!"

Papa Édouard aliinua macho, akainamisha tena.

"Mama," akauliza, "wewe njo ulimuzaa? Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe! Na nimemulea peke yangu."

"Na hujui kweli pahali iko?"

"Ningejua, ningekuwa nimekaa hapa? Nyinyi njo muniambie. Mulipotezana naye wapi?"

Mapendo alikishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akakitazama, akakiweka chini bila kunywa.

"Kwetu, mama," akasema. "Ile asubuhi alifunga mulango ya nyumba yangu kwa inje, watoto yangu wakiwa ndani, akaiwasha moto."