Mgeni Aliyekaa Mlangoni

Kitendawili. Mgeni wangu hana ubaya, haibi wala hagombi, ila kaketi mlangoni na mwenye nyumba hapumui. Umeshindwa? Ni uvimbe wa moyo, ule usio saratani.

Zama hizo ukishatolewa uvimbe, mashine ya hospitali hukuuliza kuhusu watoto wako, maana uvimbe huo huweza kurithiwa, nao hupimwa siku hiyohiyo. Majibu huandikwa kwenye cheti cha ndoa, wakwe wakayasoma. Bi Mwanjaa alitolewa wake wiki moja kabla ya harusi ya bintiye, Shamimu, akapona vizuri kabisa.

Miaka minne baadaye, kipande cha uvimbe wa Shamimu mwenyewe kilikatika kikakimbilia kichwani. Madaktari waliutoa uvimbe, moyo ukawa mzima, lakini mkono wa kulia haukuamka tena. Sasa Bi Mwanjaa humfunga kanga na kumkatia chapati vipande vidogo.

"Mama," Shamimu alisema huku akitafuna, "hivi wewe mashine haikukuuliza kuhusu watoto?"

"Kunywa chai, inapoa."

"Chai naishika kwa huu wa kushoto, usijali. Nakuuliza tena."

Bi Mwanjaa alikiweka kisu chini.

"Iliniuliza, mwanangu. Nikaiambia mimi ni tasa."