Kucha za Bwana Harusi

Haya ni kweli tupu, nikiongopa ulimi uniote upele. Waulize watu wa Tanga kuhusu duka la sonara Twalibu, ambaye mkewe, Mwanashee, ndiye mchoraji wa pete.

Sheria ilitaka kila mwanandoa avae almasi iliyotengenezwa kutokana na mwili wa mwenzake. Kadhi huliweka jiwe kwenye mashine, na jina linalotajwa ndilo la mume au mke.

Bwana harusi mmoja alileta kucha zake za miguu za miaka sita, ndani ya kopo la samli. Twalibu alipofungua, akaona nyingine zimeota ukungu, na moja bado ina nyama. Akakimbilia chooni kutapika.

“Zitie tanuruni, baba Rukia, ndiyo kazi,” alisema Mwanashee.

“Uchafu huu? Thubutu!”

Mkewe alipotoka, Twalibu akalimwaga kopo jalalani, akanyoa ndevu zake na kuzichoma badala yake. Jiwe likatoka safi kama tone la maji.

Ijumaa, mbele ya ukumbi mzima, mashine ikatamka: “Mume ni Twalibu bin Sefu.” Mashine haikatiwi rufaa, na talaka ni baada ya mwaka.

Jioni ileile bi harusi, Salha, akaletwa na masanduku yake, macho yamemvimba kwa kulia. Alikaa mezani, akavua viatu, akaanza kusugua magaga ya visigino. Unga wake ulidondoka kwenye kisahani, kando ya wali wa Twalibu.

“Usikunje uso, mume wangu. Nawe una haki ya pete,” alisema Salha.

Mwanashee akamsogezea mumewe kisahani. “Leo nitasimama hapohapo tanuruni, nikuone.”