Zipu Iliyogoma Tumboni

Haya, nijibu: nguo gani ikikupwaya unatetemeka, ikikubana unapata joto? Umeshindwa? Ni nguo ya kuzamia.

Zuwena alikuwa akihangaika na moja dukani, zipu imemgomea tumboni. Kesho wazamiaji wenzake wanashuka baharini, na asiyeshuka nafasi yake anapewa mwingine.

"Nipe kubwa zaidi, shangazi."

"Ikupwaye mabegani, maji yaingie, ugande?" akasema Bi Shemsa, mwenye duka. "Juzijuzi saizi hii ilikukaa kama ngozi. Umebeba mimba, wewe. Utazama naye huyo mtoto?"

Zuwena akajitia hasikii. Akabana pumzi, akaruka, akavuta tena, akageuka kiooni kujitazama ubavu. Vidole vikaiachia zipu, ikashuka yenyewe.

"Hapana, shangazi," akasema. "Sizami naye."