Jiwe la Kizingiti

Siku ya kufungua hekalu, nimfu wa mlima, yule binti asiyezeeka, alishuka mjini peku. Umati ukampisha njia.

"Tumekujengea wewe, mtukufu," alisema Lisandro, mkuu wa mji. "Marumaru tupu!"

"Mawe mmeyatoa wapi?"

"Kwako, mlimani."

"Yaani mmebomoa nyumba yangu ili mnijengee kibanda?"

Akainama, akaling'oa jiwe la kizingiti, akajitwika.

Lisandro akacheka. "Yako maelfu! Utayarudisha yote peke yako?"

"Mimi sizeeki. Haraka ya nini?"

Akaanza kupanda mlima bila kugeuka nyuma. Pale mlangoni Melita, mke wa Lisandro, aliyatazama mawe yaliyobaki, kisha akavua mtandio wake taratibu, akaanza kuusokota uwe ngata ya kichwani.