Vitabu vya Bwerere

Mwenye suti alipotaka kuonyeshwa hata folda ya riwaya za upelelezi, fundi simu akaanza kutokwa jasho mpaka kwenye viwiko.

Mwanzoni alimdhania mteja kama wateja wengine. Mwanamume wa makamo, suti ya kijivu iliyopigwa pasi hadi ikakata tamaa, mkononi kishikwambi cha kusomea vitabu, kipya, hata nailoni ya kioo haijabanduliwa. Alisema amesikia hapa watu huwekewa vitabu. Fundi akachangamka. Simu anatengeneza na chaja anauza, lakini vitabu ndivyo vilivyompa jina mtaani: unaleta kifaa chako asubuhi kikiwa kitupu, jioni unakichukua kimeshiba, vitabu vya kukufikisha uzeeni, kwa bei ya soda. Waandishi wenyewe hawakuwa na habari, na fundi hakuona haja ya kuwasumbua.

Tatizo ni kwamba mteja huchagua. Huyu alikuwa anakagua.

"Na huyu umemweka?" aliuliza, kidole kikiwa juu ya jina la mwandishi kwenye kioo cha kompyuta.

"Yupo, mzee. Vyake vyote. Hicho cha 'Mjane wa Ghorofa ya Tatu' ndicho kinachokwenda zaidi. Akina mama hawaniachi nile."

"Vyote," alirudia mwenye suti, akafumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole cha mguu. "Na huyu hapa?"

"Huyo kidogo tu."

"Hata huyu," alisema polepole. "Hata huyu naye mmemwiba."

Neno hilo lilipotoka, dada mkubwa wa fundi, aliyekuwa akiuza kava za simu kwenye nusu ya pili ya meza hiyohiyo, aliinama akajifanya anaokota kitu.

"Mdogo wangu," alinong'ona kutoka chini ya meza, "umemtazama vizuri huyo? Mtu anayevaa tai kwenye joto hili amelipwa avae. Ni wale wale waliokwenda kwa jirani."

Fundi alikuwa amekwisha fika huko kwa akili yake mwenyewe. Wiki iliyopita watu wa hakimiliki waliingia kwa jirani yao anayenakili filamu, wakaondoka na kompyuta yake, na mlangoni pake sasa palining'inia kufuli asilolijua mwenyewe. Kompyuta ya fundi ndiyo iliyokuwa ikifufua simu zilizokufa. Ingeondoka hiyo, yeye angebaki na bisibisi na dada wa kumcheka.

"Niambie kitu," alisema mwenye suti. "Nani anaamua?"

"Anaamua nini, mzee?"

"Kipi kinakiliwe, kipi kiachwe. Kuna kamati? Au unaamua wewe?"

"Mimi? Mimi nani hata niamue. Watu wanakuja wanaomba."

"Wanaomba wenyewe? Kwa majina ya waandishi?"

"Wenyewe, kwa majina."

"Na mtu akiomba usichonacho?"

"Namtafutia," alisema fundi, kisha akajikwaa kwa ulimi wake. "Yaani namwelekeza. Duka la vitabu."

Dada yake akakohoa. Duka la vitabu la mwisho lilikuwa limegeuzwa la masofa, na fundi ndiye aliyewatengenezea simu ya kupokelea oda.

Mwenye suti alivuta stuli akakaa bila kukaribishwa. "Fungua folda ya mashairi."

Hapo fundi akaona kamwanga. "Mashairi hatuna, mzee. Kabisa. Washairi tunawaheshimu sana hapa, hatujawahi kuwagusa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Uliza mtaa mzima. Kama kuna watu walio salama mikononi mwangu, ni hao."

"Tafuta vizuri," alisema mwenye suti. Sauti ilimtetemeka, na fundi akajua hasira imepanda.

"Naweza kukuapia. Kuna diwani nyingine huko mtandaoni zimewekwa bure na wenyewe, na bado hakuna aliyezichukua."

Mwenye suti akageuza uso, akatazama ukuta ulioning'inizwa waya za chaja.

"Futa," alinong'ona dada.

"Dada, ni miaka yangu yote."

"Futa, mjinga wewe. Vitabu utakusanya tena. Kompyuta utaikusanyia wapi?"

Mgeni alikuwa bado na ukuta wake. Fundi akachagua folda zote kwa mkupuo, akabonyeza. Wajane wakaenda, wapelelezi wakawafuata, nyuma yao wakaja wale wa kutajirika kabla ya Ijumaa. Akamwaga hata kile kikapu cha taka cha ndani ya kompyuta, ili asijaribiwe kurudi. Kisha akakigeuza kioo kimwelekee mwenye suti.

"Mzee wangu, nimekosa, na nimejirudi. Tazama mwenyewe, peupe. Kuanzia leo sinakili kazi ya mtu, hata shairi la mistari miwili. Kamwambie mkubwa wako hapa wizi umekwisha."

Mwenye suti alikitazama kile kioo kitupu. Akapeleka mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa flashi ndogo, akaiweka mezani taratibu kama anayeweka yai.

"Sina mkubwa," alisema. "Haya ni mashairi yangu. Naandika tangu ujana, na hajatokea mtu wa kuniibia hata ubeti mmoja. Nilikuja kukuomba uanze wewe."