Kizingiti cha Jikoni

Mpaka leo nikinusa chai iliyochemka kupita kiasi, namwona kapteni amechuchumaa jikoni kwetu.

Ilikuwa siku jeshi la kigeni lilipoondoka mjini. Alikuja kumkabidhi baba, karani wa ardhi, ufunguo wa ofisi ya ardhi ambayo wanajeshi wake waliijenga miaka saba kabla, upande wa mbele wa nyumba yetu. Akaomba maji. Mama akamwambia apite jikoni ajimiminie mwenyewe, maana miaka saba si ugeni tena.

Jikoni aliwakuta majirani wawili kwenye benchi, wamenuniana.

"Hawa wanangoja nini?" kapteni aliuliza.

"Wanagombea mpaka wa shamba," baba alisema. "Wakimaliza chai tutakwenda kuukanyaga pamoja, hatua kwa hatua, na wazee wao. Yakiisha, yameisha."

"Na ramani zetu?"

"Zipo, kapteni. Nazifuta vumbi kila Ijumaa."

Hapo ndipo alipokiona kizingiti cha mlango wa nyuma. Kilikuwa kimelika katikati kama mwiko wa zamani. Akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye lile bonde, taratibu. Kile cha ofisini rangi yake ilikuwa bado inang'aa.

"Miaka yote hii watu wanaleta kesi zao huku jikoni? Mbona hukuniambia?"

Baba alitazama chini, kwa haya ya mwenye nyumba.

"Hukuwahi kupitia huku."

Kapteni akainuka. Akauweka ufunguo mezani, kando ya birika, akainamisha kichwa, akatokea mlango wa nyuma, akikikanyaga kizingiti palepale tulipokikanyaga sote.